Jumamosi Inayofuata Uchaguzi

Mara ya kwanza chama chetu cha waokoaji wa kujitolea kilipotaka kuchagua viongozi, tulikosa akidi kwa watu watatu. Ilikuwa Jumapili mchana. Darasa tuliloazimwa lilikuwa limefagiliwa, sanduku la kura liko mezani na kufuli lake, wagombea 11 wamekaa mbele na nguo zao za ibadani, nami nimeshika orodha nahesabu vichwa kwa mara ya nne. Watu 29. Wanachama hai walikuwa 64, na katiba yetu inataka nusu yao wawepo ndipo uchaguzi uitwe uchaguzi. Tukangoja hadi saa kumi. Kijana mmoja akashauri tuwafuate watatu kwa bodaboda waje kutia sahihi tu, kisha waendelee na shughuli zao. Mwingine akasema tuandike 32, kwani nani atakuja kutuhesabu hapa? Nikafunga daftari, nikawaomba radhi wagombea, nikaahirisha mkutano.

Wiki ile nilisemwa sana. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayenunua na kukausha dagaa, mwanachama wetu tangu mwanzo. Tulikutana soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, akaniambia, "Mwalimu, uchaguzi umeuweka gizani." Nikaanza kujitetea kwamba kila kitu kilikuwa wazi, tangazo lilibandikwa, majina yalisomwa. Akanikatiza: "Giza la dagaa, mwanangu. Mwezi haupo."

Dagaa wa ziwa letu, Viktoria, huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola, ila kazi ni ileile: taa inawaka juu ya maji meusi, dagaa wanakusanyika, wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwa zima na taa haivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa hupumzika siku kadhaa. Ndipo watu wanashona nyavu, wanasalimia ndugu, wanahudhuria misiba na vikao. Jumapili yangu mimi ilikuwa imeangukia katikati ya giza. Wanaume waliokesha majini walikuwa wamelala, na wanawake waliopokea mzigo alfajiri walikuwa bado wanageuza dagaa mchangani. Nilikuwa nimepanga tarehe kwa kalenda ya mihula ya shule, kalenda yangu. Mara ya pili tulipanga kwa kutazama mwezi. Walipiga kura watu 58.

Nieleze kwanza sisi ni nani. Chama chetu ni cha kujitolea, kwenye ufukwe wa upande wa Ilemela. Kila Jumamosi tunafundisha watoto wa wavuvi kuogelea, tunawasumbua wazazi wao wavae majaketi okozi, na ikisikika kwamba mtumbwi umechelewa kurudi au mtu ameonekana anazama, tunatoka kwenda kutafuta. Hatuna mfanyakazi hata mmoja anayelipwa. Wengi wetu tuna ndugu au rafiki kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Na wakati kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, waliofika mwanzo kuwatoa watu majini walikuwa watu wa mitumbwi. Hiyo ndiyo sababu tupo. Tumesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na kila mwaka tunapeleka taarifa kwa Msajili kama sheria inavyotaka. Lakini sheria haikufundishi namna ya kumnyima kura jirani yako mchana na kumwamsha akusaidie kusukuma mtumbwi usiku unaofuata.

Hapo ndipo uzito wote ulipo kwangu. Mtu wa kuajiriwa akishindwa uchaguzi kazini, mshahara unamrudisha Jumatatu. Mtu wa kujitolea hana kinachomrudisha isipokuwa moyo wake, na moyo uliovunjwa hadharani haurudi. Kwa hiyo nilipokubali kuongoza kamati ya uchaguzi nilijiuliza swali moja, na kila uamuzi niliupima kwa swali hilo: aliyeshindwa, Jumamosi atakuja? Aliyeshinda sikuwa na wasiwasi naye. Wa kwanza katika mawazo yangu alikuwa mzee mmoja, mwanzilishi, mwenyekiti wetu kwa miaka tisa, ambaye mtumbwi wake wa injini ndio tuliokuwa tukiutegemea kwa kila safari ya usiku. Aligombea tena. Na minong'ono ilikuwa imeanza.

Watu hudhani uchaguzi huibiwa kwenye sanduku. Katika chama kidogo kama chetu, sanduku ndilo la mwisho kuharibika. Kinachooza mapema ni daftari la wanachama.

Daftari nililokabidhiwa lilikuwa na majina 97. Wawili kati yao tulishawazika. Mmoja alihamia Dodoma zamani. Mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili, ukurasa mmoja kwa jina la ubatizo na mwingine kwa jina la nyumbani, na hakuna aliyegundua kwa sababu kila mtu anamwita kwa jina la mtoto wake. Nilikaa na mweka hazina jioni tatu tukipitia stakabadhi moja moja. Ada yetu ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na katiba inasema mwanachama hai ni yule asiyedaiwa zaidi ya miezi mitatu. Tukabandika orodha ya awali ukutani, kwenye kibanda cha kupimia samaki ambako kila mtu hupita, na tukatoa siku saba za pingamizi: anayeona jina lake halipo aje, anayeona jina lisilostahili aseme.

Kabla hata ya siku hizo kwisha, mweka hazina akaja na karatasi. Watu 14 walikuwa wamelipiwa malimbikizo yote siku moja, na aliyelipa ni mtu mmoja, mgombea. Nilimwendea. Alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba anawasaidia wasio na uwezo, na sina sababu ya kusema alikuwa anadanganya. Lakini mtu aliyelipiwa ada wiki tatu kabla ya kura anaingia kituoni na deni jipya kichwani. Kamati ilikuwa imeshatangaza tarehe ya ukomo: siku 30 kabla ya uchaguzi. Waliolipa baada ya hapo ni wanachama, karibuni sana, ila kura ni mwakani. Wale 14 hawakuingia kwenye orodha ya mwisho.

Kanuni hiyohiyo ikamkata kijana wa bodaboda.

Huyu kijana simfahamu siku aliyokosa. Kila simu ya usiku anafika wa kwanza, anabeba kamba, anabeba watu, pikipiki yake ndiyo gari letu la wagonjwa. Alikuwa anadaiwa miezi 11. Alikuja kwangu na pesa yote mkononi, noti zimekunjwa kunjwa, siku mbili baada ya ukomo. Nilimwambia hapana. Niliwaza usiku mzima kama kuna mlango. Ningeweza kusema jasho ni ada, na ni kweli, jasho ni ada. Lakini kanuni ikibadilishwa wagombea wakishajulikana, hata ikibadilishwa kwa haki, kila mtu atatafuta nani ameongezewa kura. Na ningewaambia nini wale 14? Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaondoka. Siku ya uchaguzi aliwabeba wazee wanne kuwaleta kituoni bila kuchukua nauli, kisha akakaa nje chini ya mti mpaka tukamaliza. Mpaka leo inaniuma. Mkutano mkuu uliofuata ulibadilisha katiba: mwanachama hai ni aliyelipa ada, au aliyesaini daftari la mahudhurio mara 12 ndani ya mwaka. Kifungu hicho kingekuwepo kabla, kijana yule angepiga kura. Kama unaandika katiba ya chama cha kujitolea, andika kifungu hicho leo, kabla hujamjua atakayefaidika nacho.

Vita iliyofuata ilikuwa ya namna ya kupiga kura. Wengi walitaka kunyoosha mikono: ni haraka, haina karatasi, na sisi ni ndugu. Mzee mmoja alitaka wagombea wasimame uwanjani na kila mtu ajipange nyuma ya wake. Alinikumbusha ngoma za Kisukuma, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, ambapo mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. "Watu wanahesabika kwa macho," alisema, "hakuna wizi." Ni hoja nzuri, na nimezipenda ngoma hizo tangu utotoni. Lakini mtazamaji wa ngoma akihama kutoka Bagika kwenda Bagalu hapotezi chochote. Mama anayenunua dagaa kwa mkopo kutoka mtumbwi wa mgombea anapoteza mzigo wa kesho. Kijana anayevua kwenye mtumbwi wa tajiri wake, akionekana nyuma ya mgombea mwingine, anatafuta mtumbwi mwingine. Jirani zetu Kenya walipiga kura za mchujo kwa kupanga mlolongo mwaka 1988, na uchungu wake unasimuliwa hadi sasa. Nilisema wazi kwamba kama kura si ya siri mimi najiuzulu, na hilo ndilo jambo pekee nililosema kwa sauti ya juu katika miezi yote ya kazi hiyo.

Tukatengeneza kituturi, kificho cha kupigia kura, kwa vitenge viwili na kamba ya nguo, kwenye kona ya darasa.

Wanachama wetu sita hawasomi vizuri, kwa hiyo kila mgombea alipewa picha: kasia, nanga, sato, ndoo, taa, na kadhalika. Picha ziligawiwa kwa kura ya kuokota karatasi ili asiwepo wa kusema fulani kapendelewa. Si jambo geni. Baba yangu alinisimulia uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, ambapo katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindanishwa, mmoja na alama ya jembe na mwingine nyumba. Urais ulikuwa na jina moja tu, na mwananchi aliulizwa ndiyo au hapana.

Kura hiyo ya ndiyo au hapana tuliitumia kwa mweka hazina, maana nafasi yake hupigiwa kura peke yake na aliyechukua fomu alikuwa mmoja. Watu walitaka apite bila kupingwa. Tukakataa. Alipata ndiyo 49, hapana 8, moja ikaharibika. Tangu hapo anabandika hesabu ukutani kila mwisho wa mwezi; anasema anawafikiria wale wanane.

Sasa nafasi saba za bodi, ambako hisabati yangu ya darasani ilipata kazi. Utaratibu wa zamani ulikuwa kila mpiga kura anaweka vema saba. Unaonekana wa haki mpaka uufanyie hesabu. Chama chetu kina watu wa majini, wavuvi na wenye mitumbwi, na watu wa nchi kavu: walimu, wauza duka, bodaboda, wakausha dagaa. Chukua wanachama 64, upande mmoja 33 na mwingine 31. Wale 33 wakielewana, wanaweka vema zao saba kwa watu wao saba, kila mmoja anapata 33. Wale 31 wanaweka zao, kila mmoja anapata 31. Matokeo: saba kwa sifuri. Watu 31 wamejitolea mwaka mzima na hawana hata kiti kimoja, kwa pengo la watu wawili.

Tulipendekeza vema ziwe nne tu, ingawa nafasi ni saba. Piga hesabu tena. Wale 33 wakiwapa watu wanne, hao wanapata 33 kila mmoja. Wale 31 wakiwapa watu wanne, hao wanapata 31 kila mmoja. Wanaingia wote wanne wa upande wa kwanza, na watatu wa upande wa pili. Na kama wakubwa wakitaka kula vyote kwa kusambaza kura zao kwa watu saba, wana vema 132 za kugawa, ambazo kwa saba hazifiki hata 19 kila mmoja; wanajikuta wamepoteza kiti cha nne. Hispania wanachagua sehemu kubwa ya Seneti yao kwa njia ya jamii hii: viti vinne kwa jimbo, mpiga kura anachagua watatu. Niliichora ubaoni kwa kokwa za maembe, rangi mbili, mkutano mzima ukiwa umesimama kunizunguka. Mkutano ulipitisha miezi minne kabla ya fomu za kugombea kutolewa. Hilo la miezi minne ni muhimu kuliko kokwa.

Watu wetu watano wako kisiwani Ukerewe. Kusema waje ni kuwaambia walipe nauli ya meli ya Nansio kwenda na kurudi pamoja na kulala, kwa ajili ya vema nne. Kusema mtu awapigie ni kumpa mtu mmoja kura sita. Tuliwatumia bahasha mbili mbili. Karatasi ya kura inaingia bahasha ya ndani isiyo na jina, hiyo inaingia bahasha ya nje yenye jina na sahihi. Zilipofika, asubuhi ya uchaguzi, mbele ya mawakala tulisoma majina ya nje, tukayaweka alama kwenye orodha, tukatoa bahasha za ndani na kuzitumbukiza sandukuni, halafu tukazichanganya na kura za waliofika. Mama mmoja wa Nansio alinipigia simu kuuliza kama bahasha yake imefika salama. Nilipomwambia imeshaingia, akashukuru, "Wabeja," mara tatu.

Kamati ilikuwa na watu watatu: mimi, fundi seremala mmoja, na mzee wa msikiti wa jirani ambaye si mwanachama wetu. Hakuna aliyegombea, hakuna aliyekuwa na mgombea nyumbani kwake. Siku yenyewe haikuwa na mkasa. Sanduku lilionyeshwa kuwa tupu, likafungwa kwa lakiri, watu wakapanga foleni wakitaniana, mvua ikatishia na kuondoka. Niliwahi kuwa karani mwongozaji wapiga kura kwenye uchaguzi mkuu wa 2015, na foleni hii ya watu 53 ilinitetemesha kuliko ile, kwa sababu hapa kila uso nilijua jina la mama yake.

Kuhesabu tulihesabu mchana, milango wazi. Fundi anafungua karatasi, anaiinua juu ielekee mawakala na madirisha yaliyojaa watu, anasoma picha nne. Mimi naweka mistari ubaoni, mitano mitano. Kura mbili ziliharibika na kila moja tulieleza kwa nini, tukaonyesha, tukaiweka kando. Ilichukua saa mbili na nusu. Kijana mmoja aliuliza kwa nini tusihesabu sisi watatu ndani tukatoke na majibu. Nikamweleza habari ambayo wazee wa huku wanaijua vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka watu wao wenyewe wa kusimama kwenye mizani na kupima. Kutoka kwenye madai ya mizani ukakua ushirika, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika hapa Mwanza, ambao kiongozi wake alikuwa Paul Bomani. Mkulima hakuwa anataka kuambiwa uzito wa pamba yake. Alitaka kuuona mshale wa mizani ukitulia.

Bomani mwenyewe namkumbuka kwa jambo jingine. Katika uchaguzi huo wa 1965 alikuwa Waziri wa Fedha, jina kubwa kuliko yote huku, na wapiga kura wa Mwanza walimwangusha. Nchi haikumtupa. Aliendelea kutumika serikalini, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa balozi wetu Marekani. Nilikuwa namwaza yeye wakati nahesabu mistari ya ubaoni, kwa sababu kufikia kura ya arobaini nilikuwa nimeshaona.

Mzee wetu alikuwa wa nane. Kura 17. Wa saba alikuwa na 19.

Kabla ya kutangaza, tuliwaita wagombea wote 11 darasa la pili, tukafunga mlango, tukawasomea. Nilitaka yeyote atakayeumia aumie kwanza mbele ya wenzake kumi, si mbele ya wajukuu wake. Mzee alisikiliza, akauliza jina la wa saba lirudiwe, akasimama, akampa mkono. Nje alipigiwa makofi marefu ya shukrani kwa miaka tisa. Alikwenda nyumbani kwa miguu na hakutaka kusindikizwa.

Makabidhiano yalichosha kuliko uchaguzi. Benki inataka muhtasari wa kikao ndipo ibadili watia saini, na hilo linaeleweka. Kigumu kilikuwa laini ya simu tunayopokelea michango, iliyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mtu aliyeacha uongozi miaka miwili iliyopita. Pesa za chama zilikuwa zinalala kwenye kidole cha mtu. Lishughulikieni hilo kabla ya kura.

Jumamosi ya kwanza mzee hakuja. Watoto waliuliza, "Babu yuko wapi?" Jumamosi ya pili hakuja, na mjukuu wake akaleta ufunguo wa stoo ya petroli, umefungwa kwenye kitambaa. Hakuna barua wala salamu. Wajumbe wapya wa bodi walitaka kutuma ujumbe wa heshima kwake. Niliwaomba wasiende kwanza, maana aliyeshinda akija kukupoza anakuongezea kidonda.

Nilikwenda mimi, na fundi, na mawakala wawili, tumebeba sanduku. Utaratibu wetu ni kwamba kura zinahifadhiwa siku 60 chini ya lakiri, na mgombea yeyote ana haki ya kuziona. Yeye hakuwa ameomba. Nilimpelekea.

Tulimkuta chini ya mwembe anashona wavu. "Mwangaluka, Mwalimu," akasema, akatazama sanduku, akaacha sindano. Nikamwambia, "Mzee wangu, hizi ni karatasi zetu. Zihesabu mwenyewe." Nilidhani atakataa. Aliita mkeka. Akavunja lakiri kwa mkono wake, akazipanga karatasi moja moja, zenye picha yake huku, zisizo nayo kule, bila haraka, kama mtu anayechambua ndoano. Saa nzima hatukuongea. Alizipata 17. Akazirudia, 17. Akaomba zile mbili zilizoharibika. Moja ilikuwa na vema tano, na moja ya hizo tano ilikuwa kwenye picha yake.

"Hii ni yangu."

"Ni yako, Mzee. Lakini ameweka tano."

Akaishika muda mrefu. "Hata ingehesabiwa," akasema taratibu, "ni 18." Kisha akamhesabia na wa saba, kura 19, akazifunga zote kwa mpira, akazirudisha ndani. Mkewe akatuletea ugali na sato. Tulipokuwa tunanawa akaniuliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemlaza macho wiki mbili zote.

"Hawa 17 ni akina nani?"

"Sijui, Mzee. Hakuna anayejua."

"Na walioninyima?"

"Nao hakuna anayejua."

Akatafuna tonge lake mpaka likaisha. "Basi itanibidi niwasalimie wote," akasema.

Jumamosi hiyo nilifika ufukweni saa moja kasoro robo nikijua mimi ndiye wa kwanza. Mtumbwi wake ulikuwa umeshasukumwa majini, kamba ya watoto imefungwa kwenye nguzo, na yeye amekunja suruali hadi magotini. Aliniuliza ufunguo wa stoo ya petroli uko kwa nani siku hizi. Nikamwonyesha mwenyekiti mpya, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anateremka njia na mtoto wake begani. Mzee akajifuta mikono kwenye shati, akaenda kumwomba.